Kuiacha figo, kukata sehemu, kuitoa moja au kutoa zote mbili: ulinganisho kwa mwenye presha

Mgonjwa wa Kasulu au Urambo akiambiwa kwamba figo yake moja imesinyaa na huenda ndiyo inayopandisha presha, swali la kwanza nyumbani huwa ni hili: ikitolewa, presha itaisha? Jibu linategemea mambo mawili. La kwanza ni kiasi cha renini ambacho figo ile inamwaga kwenye damu. La pili ni uzima wa figo itakayobaki. Wapo wanaopona kabisa na kuachishwa vidonge. Wapo pia wanaopoteza figo na presha ikabaki palepale.

Tunalinganisha njia nne: kuiacha figo na kutumia dawa, kukata sehemu yenye ugonjwa tu, kuondoa figo moja nzima, na kuondoa zote mbili. Jambo kubwa la kushika ni kwamba kadiri figo zinavyopungua, presha hutoka mikononi mwa renini na kuingia mikononi mwa chumvi na maji. Kwa hiyo dawa iliyokufaa kabla ya upasuaji inaweza isikufae baada yake, na chumvi uliyoizoea ikaanza kukudhuru.

Renini inavyofika kwenye presha

Renini ni kimeng'enya kinachotengenezwa na seli zilizo kwenye ukuta wa mshipa mdogo unaoingiza damu katika kila kichujio cha figo. Robert Tigerstedt na Per Bergman waliigundua mjini Stockholm mwaka 1898, walipokamua maji ya figo za sungura, wakawadunga sungura wengine na kuona presha yao ikipanda. Seli hizo huachia renini presha ya damu inayofika figoni ikishuka, chumvi inayopita kwenye vijirija vya figo ikipungua, au neva zikichochewa, mfano mtu akivuja damu.

Yenyewe haibani mshipa. Kazi yake ni kukata protini inayotoka kwenye ini ili ipatikane anjiotensini ya kwanza, ambayo bado ni butu. Kimeng'enya cha pili, kilichojaa sana kwenye mishipa ya mapafu, huikata tena ikawa anjiotensini ya pili. Hii ndiyo yenye makali. Inabana mishipa mwili mzima, inaleta kiu, na inaziamuru tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe aldosteroni. Aldosteroni ni homoni inayoifanya figo irudishe chumvi mwilini na kutupa potasiamu kwenye mkojo.

Dawa nyingi za presha hukaa mahali fulani kwenye mnyororo huo. Atenololi hupunguza utokaji wa renini. Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili huzuia kimeng'enya cha pili. Losatani huziba mahali ambapo anjiotensini ya pili hujishikiza. Spironolaktoni huzuia aldosteroni. Amlodipini haimo kabisa kwenye mnyororo huu, inalegeza mshipa moja kwa moja, na ndiyo maana huendelea kufanya kazi hata renini ikiwa haipo.

Nusu ya renini iliyo kwenye damu huisha kwa takriban robo saa, na anjiotensini ya pili huisha upesi zaidi. Figo ikitolewa asubuhi, jioni yake renini ya figo ile imekwisha. Kinachobaki ni madhara iliyoacha: mishipa iliyonenepa kuta, moyo uliotanuka misuli, na makovu kwenye figo ya pili. Hayo hayaondoki kwa kisu.

Figo moja mbovu, nyingine nzima: kuiacha au kuitoa

Hapa ndipo uamuzi ulipo mgumu, na ndipo makosa mengi hutokea.

Mwaka 1934 Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alionyesha kwamba ukiubana mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya mbwa, presha yake hupanda. Majaribio yaliyofuata yalitofautisha hali mbili. Mnyama mwenye figo mbili, moja ikiwa imebanwa, renini yake hupanda na kubaki juu, kwa sababu figo nzima inaendelea kutoa chumvi kwenye mkojo na mwili haujazwi maji. Mnyama mwenye figo moja tu, nayo imebanwa, renini hupanda mwanzoni kisha hurudi kawaida. Presha inabaki juu kwa sababu chumvi na maji yamekosa pa kutokea. Presha zinaweza kulingana kwenye mashine, ila sababu zake ni tofauti, hivyo na dawa hutofautiana.

Kwa binadamu, figo iliyosinyaa kwa mawe ya muda mrefu, kifua kikuu cha figo, kichocho kilichoziba mrija wa mkojo, au mshipa wake uliobanwa, inaweza kuendelea kumwaga renini hata kama haichuji mkojo wa maana. Figo nzima ikiona anjiotensini imejaa, huzima renini yake yenyewe. Hiyo ni dalili njema kwa anayefikiria upasuaji, kwani inaonyesha kwamba figo ya pili bado inatii amri.

Kuitoa kuna maana pale dalili hizi zinapokutana:

- Kipimo cha mgawanyo wa kazi kinaonyesha figo ile inachangia chini ya asilimia 10 hadi 15 ya kazi yote.
- Kwenye ultrasaundi ina urefu chini ya sentimita 8 hivi, wakati mwenzake ana 10 hadi 12. (Tofauti ya zaidi ya sentimita 1.5 kati ya figo mbili inatosha kumfanya daktari aanze kuchunguza.)
- Presha haishuki kwa dawa tatu za makundi tofauti, mojawapo ikiwa ya kukojoza, na mgonjwa anazimeza kweli.
- Potasiamu kwenye damu iko chini bila mgonjwa kutumia dawa ya kukojoza.
- Presha haijakaa miaka mingi. Ikizidi miaka mitano hivi, uwezekano wa kupona kabisa hupungua, kwa sababu figo nzima nayo imeshaumizwa na presha ileile.
- Mkojo hauna protini, na kreatinini (taka ya damu inayopimwa ili kujua figo zinavyochuja) inaonyesha figo ya pili ni nzima.

Wasipotimiza haya, wengi hufaidika zaidi kwa kubaki na figo yao. Mzee ambaye mshipa wake wa figo umezibwa na mafuta yaliyoganda ni mfano mzuri. Majaribio mawili makubwa, ASTRAL lililochapishwa mwaka 2009 na CORAL la mwaka 2014, yalionyesha kwamba kwa wengi wa wagonjwa hao, kuuzibua mshipa kwa kuweka kijibomba hakukuleta faida kubwa zaidi ya dawa pekee. Ikiwa kuuzibua hakukuwasaidia, kuitoa figo ambayo bado inachuja kunahitaji sababu nzito. Mwanamke kijana mwenye mshipa uliobanwa kwa hitilafu ya ukuta wake ni jambo jingine: kwake kupanua mshipa kwa puto husaidia mara nyingi, na figo hubaki.

Kubaki na figo mbovu hakumaanishi kukaa kimya. Dawa zinazozuia mnyororo wa renini ndizo zinazolenga chanzo, lakini zina mtego. Figo iliyobanwa hutegemea anjiotensini ya pili ili kubana mshipa wa kutokea na kuendelea kuchuja. Ukiizuia, uchujaji wa figo ile hushuka. Mwenzake akiwa mzima, mwili hauhisi. Zikiwa zote mbili zimebanwa, au iko moja tu nayo imebanwa, mkojo unaweza kukatika ndani ya siku chache. Pima kreatinini na potasiamu kabla ya kuanza enalaprili au losatani, kisha rudia baada ya wiki 1 hadi 2. Kreatinini ikipanda kwa asilimia hadi 30 inavumilika. Ikizidi hapo, au potasiamu ikizidi milimoli 5.5 kwa lita, rudi hospitali upesi. Kipimo hiki mtu asikiache kwa sababu tu anajisikia vizuri. Potasiamu iliyozidi inaweza kusimamisha moyo bila kumpa mtu maumivu yoyote kwanza.

Aliyegongwa ubavuni kwenye ajali ya bodaboda na presha ikapanda wiki kadhaa baadaye anastahili kutajwa peke yake. Damu iliyoganda kuizunguka figo huibana, nayo hujibu kwa kumwaga renini. Mara nyingi figo ile si ya kutoa. Dawa za mnyororo wa renini, muda, au kuondoa damu iliyoganda vinaweza kutosha. Omba ultrasaundi kabla ya kukubali kwamba ni presha ya kawaida.

Kipimo cha renini na safari ya sampuli

Kabla ya kuamua, daktari anaweza kutaka renini na aldosteroni zipimwe kwenye damu. Kwa mtu wa Kigoma au Tabora sampuli huenda ikasafirishwa hadi maabara ya mbali, na hapo ndipo inapoharibikia. Watu wamezoea kuweka damu kwenye kisanduku cha barafu. Kwa renini hilo ni kosa: damu ambayo haijatenganishwa ikikaa kwenye ubaridi wa barafu, renini changa isiyo na kazi hugeuka kuwa renini kamili, na jibu linatoka juu kuliko ukweli. Damu ichukuliwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ikae kwenye joto la kawaida la chumba, izungushwe kwenye mashine mapema, kisha maji yake ya juu yagandishwe haraka na kusafirishwa yakiwa yameganda. Kugandisha taratibu au kuyeyusha na kugandisha tena kunaharibu vilevile.

Mwambie mchukua damu dawa zote unazotumia. Atenololi na propranololi hushusha renini. Enalaprili, losatani na dawa za kukojoza huipandisha. Vidonge vya uzazi wa mpango huvuruga kipimo kwa kuongeza protini ya ini. Usiache dawa mwenyewe kwa ajili ya kipimo, kwani daktari ndiye anayezibadilisha, na zipo ambazo kuziacha ghafla ni hatari.

Kukata sehemu au kuitoa nzima

Mwenye uvimbe usiozidi sentimita 4, ulio mahali panapofikika, kwa kawaida anafaa zaidi kukatwa sehemu. Figo inayobaki huendelea kuchuja, kutoa renini kwa kiasi, kutengeneza eritropoietini inayochochea damu mpya, na kuamsha vitamini D. Faida hii ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari, mwenye presha tayari, au ambaye figo ya pili ina mashaka. Upo pia uvimbe mdogo adimu wa seli zinazotengeneza renini, wanaoupata zaidi ni vijana: presha juu sana, potasiamu chini, renini na aldosteroni zote juu. Ukikatwa peke yake, presha inaweza kushuka ndani ya saa au siku chache. Kumtolea kijana huyo figo nzima wakati sehemu ingetosha ni hasara kubwa.

Ugumu wa kukata sehemu uko mezani. Mshipa wa figo hufungwa kwa muda ili damu isimwagike, na kila dakika ina gharama: madaktari hujitahidi isipite 25 hadi 30. Hatari zake ni kuvuja damu baadaye na mkojo kuvuja kwenye jeraha. Ni upasuaji wa mtu mwenye mazoea nao, na mara nyingi rufaa kutoka hospitali ya Maweni ya Kigoma au Kitete ya Tabora itahitajika kuelekea Bugando ya Mwanza, Benjamin Mkapa ya Dodoma au Muhimbili. Figo iliyojaa usaha, iliyokufa kabisa, au yenye uvimbe mkubwa, kuitoa nzima ndiko salama zaidi.

Muulize daktari kama tezi ya adrenali ya upande huo itatolewa. Zamani ilitolewa pamoja na figo yenye saratani. Siku hizi huachwa isipokuwa saratani imeifikia. Tezi moja inatosha kutoa aldosteroni na kotisoli za mwili mzima, lakini jambo hili liandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Ikija kutokea tezi ya pili ikaharibika, daktari wa wakati huo lazima ajue.

Kuishi na figo moja

Siku ya kwanza uchujaji wa mwili hushuka karibu nusu. Kisha figo iliyobaki hutanuka na kuongeza kazi, na baada ya miezi hufikia kama asilimia 60 hadi 70 ya uchujaji wa awali wa figo zote mbili. Renini ya figo iliyobaki kwa kawaida hutosha mahitaji, na aldosteroni haina upungufu. Kwa aliyetolewa figo nzima ili amgaie ndugu, vipimo vya homoni hizi havitofautiani sana na vya mtu mwingine.

Presha hata hivyo inasogea kidogo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba baada ya miaka 5 au zaidi waliotoa figo wana presha iliyozidi kwa takriban milimita 5 ile inayotarajiwa kwa umri wao. Mwanamke anayetaka kutoa figo na bado anataka kuzaa aambiwe hili: utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta presha ya ujauzito au dalili za kuelekea kifafa cha mimba kwa asilimia 11 ya mimba za waliotoa figo, dhidi ya asilimia 5 kwa wanawake wenye afya kama yao. Wengi hujifungua salama, ila kliniki yao inatakiwa kuwa ya karibu zaidi. Na enalaprili, lisinoprili na losatani haziruhusiwi kwa mjamzito. Methildopa na nifedipini hutumika badala yake.

Kutoa zote mbili

Zamani wagonjwa wa dayalisisi (wanaosafishwa damu kwa mashine) wenye presha isiyoshikika walitolewa figo zote mbili ili kukata renini. Tangu dawa za kuzuia mnyororo huo zilipoanza kupatikana, kuanzia kaptoprili miaka ya mwanzo ya 1980, sababu hiyo imekuwa adimu. Leo zinatolewa kwa figo za mafundo ya maji zinazovuja damu au kupata maambukizi kila mara, kwa saratani ya pande zote, au kuandaa nafasi ya kupandikiza.

Renini kwenye damu hushuka karibu na sifuri. Enalaprili na losatani hazina tena kitu kikubwa cha kuzuia. Aldosteroni haikatiki kabisa, kwa sababu tezi za adrenali huendelea kuchochewa na potasiamu na homoni ya ubongo. Eritropoietini nayo hupungua sana, damu hushuka, na sindano zake huhitajika mara kwa mara. Presha sasa inafuata maji. Yakizidi inapanda. Yakitolewa haraka kwenye mashine inaanguka, na mgonjwa anazirai kwa sababu hana renini ya kumbania mishipa.

Hesabu yake ni rahisi kuiona jikoni. Gramu 8 hadi 9 za chumvi hushikilia lita moja ya maji mwilini. Anayekula vijiko vidogo viwili vya chumvi kwa siku hataishinda kiu, na atakwenda kwenye mashine akiwa amebeba kilo kadhaa za maji. Asiye na mkojo kabisa hupangiwa kwa kawaida mililita 750 hadi lita 1 kwa siku, zikiwemo chai, uji, mchuzi na maji ya kumezea dawa.

Hata mililita 200 za mkojo kwa siku zina thamani. Mwenye kukojoa kidogo asikubali figo zake zitolewe kwa ajili ya presha pekee kabla dawa, chumvi na uzito unaolengwa kwenye dayalisisi havijarekebishwa ipasavyo. Zikishatoka hakuna kurudi, isipokuwa kupandikiziwa. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Benjamin Mkapa mwaka 2018.

| Njia | Renini | Kinachoshikilia presha | Cha kuangalia zaidi |
|---|---|---|---|
| Kuiacha, dawa tu | Hubaki juu | Anjiotensini ya pili | Kreatinini na potasiamu, wiki 1–2 baada ya dawa mpya |
| Kukata sehemu | Hushuka ikiwa chanzo kimekatwa | Hurudi karibu na kawaida | Kuvuja damu na mkojo |
| Kuitoa moja | Hushuka kisha figo iliyobaki hushika | Renini kidogo, chumvi zaidi | Protini kwenye mkojo, presha kwa miaka ijayo |
| Kutoa zote | Karibu sifuri | Chumvi na maji | Uzito, presha kuanguka, upungufu wa damu |

Dawa: ipi kwa hali ipi

Kwa watu wenye asili ya Afrika kwa ujumla renini huwa chini, na dawa za mnyororo wa renini zikitumika peke yake hushusha presha kidogo kuliko amlodipini au dawa ya kukojoza. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara, ulikuta kwamba amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi (dawa ya kukojoza), au amlodipini pamoja na perindoprili (ya jamii ya enalaprili), ilishusha presha zaidi kuliko perindoprili na haidroklorothiazaidi. Mwenye figo inayomwaga renini anatoka nje ya kanuni hii. Kwake losatani au enalaprili inaweza kushusha presha kwa nguvu hata kwa dozi ndogo.

Kwa hiyo tungepanga hivi. Figo mbovu iliyoachwa, mwenzake mzima: losatani miligramu 50 au enalaprili miligramu 5 kwa kuanzia, kisha amlodipini ikihitajika. Figo moja, mkojo hauna protini: amlodipini miligramu 5 hadi 10 kwanza, na haidroklorothiazaidi miligramu 12.5 hadi 25 ikiwa figo inachuja vizuri. Figo moja na mkojo una protini: losatani iwemo, kwa sababu hulinda vichujio. Uchujaji ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, haidroklorothiazaidi hudhoofika na furosemidi, dawa nyingine ya kukojoza, huchukua nafasi. Asiye na figo: dawa ya kukojoza haina pa kufanyia kazi, ni amlodipini na nidhamu ya chumvi. Dozi aandike daktari. Hapa tunaonyesha sababu za kuchagua, ili ujue cha kuuliza.

Diklofenaki na aibuprofeni tunazisisitiza kuliko zote. Huzuia prostaglandini, ambazo ndizo zinazouacha wazi mshipa wa kuingizia damu figoni. Ukizichanganya na losatani na dawa ya kukojoza, figo moja iliyobaki inabanwa mlangoni, inalegezwa kwenye kutokea na kukaushwa maji, yote kwa wakati mmoja. Zinauzwa duka la dawa lolote bila kuulizwa. Kwa maumivu tumia paracetamoli, gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Epuka ile ya kuyeyuka na kutoa povu, maana ina sodiamu nyingi.

Siku za kwanza baada ya kisu

Losatani na enalaprili kwa kawaida husitishwa saa 24 kabla ya upasuaji, kwa sababu dawa ya usingizi ikiongezeka juu yake presha huanguka. Atenololi na propranololi haziachwi ghafla. Chanzo cha renini kikishatoka, dawa zote za zamani zikirudishwa kama zilivyokuwa, mgonjwa anaweza kuanguka akienda chooni. Utaratibu wa kawaida ni losatani kusubiri mpaka kreatinini itulie, dawa ya kukojoza kusubiri mpaka anywe vizuri, amlodipini kurudi presha ikizidi 140/90, na atenololi kupunguzwa taratibu.

Presha ikiwa juu siku ya kwanza na ya pili si ushahidi kwamba upasuaji umeshindwa. Maumivu peke yake huipandisha. Ikiwa chini, mapigo yakiwa zaidi ya 100, ngozi baridi, na mkojo chini ya mililita 30 kwa saa, mwite muuguzi mara moja, huenda anavuja damu ndani. Hukumu ya kweli kuhusu presha itolewe baada ya wiki 6 hadi miezi 3.

Anayerudi Kigoma kwa treni au basi asiondoke mjini kabla ya kupima kreatinini na potasiamu wiki moja hadi mbili baada ya upasuaji, na abebe dawa za mwezi mzima, karatasi ya kuruhusiwa, na majibu ya vipimo kwa nakala. Nyumbani apime presha asubuhi kabla ya dawa na jioni, baada ya kukaa dakika 5 mgongo umeegemea na miguu iko chini, mara mbili kila kikao, kwa siku 7. Siku ya kwanza isihesabiwe. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba ya uongo ya juu. Mwenye mshipa wa dayalisisi asipimwe mkono huo. Lengo kwa wengi wenye figo moja ni chini ya 130/80 ikiwa hawapati kizunguzungu.

Chumvi ya nyumbani

Chumvi ya Uvinza, iwe ya unga au ya chembe kubwa, ina sodiamu ileile, na madini joto yake hayapunguzi hilo. Kipimo cha mtu mmoja ni chini ya gramu 5 kwa siku kutoka vyakula vyote, pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa. Familia ya watu watano ikitumia pakiti ya nusu kilo kwa chini ya siku 20, kuna anayezidisha.

Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana shida. Waliotiwa chumvi waloweke kwenye maji ya moto na kumwaga maji mara mbili kabla ya kuunga kwa mawese. Magadi ya kulainisha maharage au mlenda nayo ni sodiamu. Vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi vihesabiwe kama chumvi.

Usibadilishe chumvi ya kawaida kwa ile ya potasiamu ukiwa unatumia losatani, enalaprili au spironolaktoni, au ukiwa na figo moja dhaifu. Mwenye potasiamu iliyopanda apunguze ndizi, parachichi na maji ya dafu, na muhogo na viazi avimenye, avikate vipande, avichemshe kwa maji mengi na kuyamwaga. Asiye na tatizo hilo aendelee kula hivyo vyote. Kumkataza bila kipimo ni kumnyima chakula bure.